Dada, Asidi Ilipoishinda Damu Yako

Mpendwa dada,

Nakumbuka likizo ile niliposema sirudi shule kwa sababu ya kemia. Ulikuwa umefika kutoka Mukuju, ulikofundisha, ukanikuta nyuma ya jiko letu hapa Dabani nikilia. Hukunigombeza. Ulichuma maua mekundu ya uani, ukayachemsha, ukagawa yale maji katika vikombe.

Kikombe cha kwanza ulikikamulia ndimu, maji yakawa mekundu ya kung'aa. "Hiyo asidi," ukasema. Cha pili ukatia maji ya majivu, yale mama anayopikia kunde, yakageuka kijani. "Na hiyo besi. Zikikutana zinamalizana nguvu."

Katika cha tatu ukayeyusha magadi, nayo maji yakawa kijani. Ukanipa ndimu. "Weka pole pole." Nilidondosha. Povu lilitoka, lakini rangi ilibaki ileile. Nikaongeza, ikabaki. Nikakuuliza mbona hii haigeuki.

"Magadi inameza asidi. Hiyo ndiyo bafa. Hata damu yako iko na kitu kama hii. Mwili inatengeneza asidi kila siku na bado uko mzima."

Nikaendelea kukamua mpaka maji yote yakawa mekundu.

"Umeimaliza," ukasema. "Ikiisha, asidi kidogo tu inatosha."

Nilirudi shule, na kemia nikafaulu.

Mwaka jana miguu yako ilipovimba tulidhani ni kusimama darasani. Wewe pia ulidhani hivyo. Tulipokuvusha mpaka wa nchi kukupeleka hospitali upande wa Kenya, ulikuwa ukihema kama mtu aliyepanda jabali la Tororo mbio, na ulikuwa umelala tu kitandani. Daktari akasema figo zimekufa na damu imejaa asidi. Mama hakuelewa, akaniangalia mimi. Wewe ulielewa. Ulinishika mkono.

"Mapafu inajaribu kutoa asidi," ulisema kwa vipande. "Lakini haitaweza."

"Watakusafisha damu, dada. Mashine iko."

"Sawa," ukajibu, kwa sauti uliyowawekea wanafunzi waliokosea ambao hukutaka kuwaaibisha.

Ulikata roho wakiwa bado wanaiandaa.

Watu wananiambia kuelewa kunapunguza uchungu. Mimi naelewa kila hatua, kwa sababu ulinifundisha vizuri, na hakuna kilichopungua. Nisingeelewa, labda ningesema umerogwa, nikapata wa kumchukia. Sina hata huyo. Nikiuza nyanya zangu pale mpakani, namwona mwanamke wa umbo lako akivuka, na siinui tena macho kuhakikisha.

Mama kila asubuhi ananiuliza, tungekupeleka siku miguu ilipoanza kuvimba, ingekuwaje. Namjibu ingekuwa vilevile. Sijui kama ni kweli. Anasema asante, anachukua jembe, anaenda shambani. Kesho yake anauliza tena.

Pumzika, dada. Sina habari njema ya kukuletea.

Ni mimi, mdogo wako.