Maziwa Yaliyomushinda Profesa

Yaya Furaha, nakusalimu toka Murara, mvua haituachi.

Jana mimi na papa wetu tulienda kumuposa Aline, mupenzi wangu. Papa, na uprofesa wake, akaanza kuwafundisha wakwe kwamba sehemu za ADN (DNA) zisizo na jeni ni takataka tu. Wakamuletea maziwa ya ng'ombe wa Masisi. Kuyakataa ni kumukataa binti, basi akameza kopo zima, na punde akakimbilia choo.

Aliporudi, Aline akamwambia: "Papa, jeni ya kusaga maziwa iko kwenu kama kwetu. Ile takataka ndiyo inaiwasha ao kuizima. Kwetu wafugaji inawaka mpaka uzee. Kwenu ilizimika utotoni."

Papa akashika tumbo, akaninong'oneza: "Oa huyu mutoto. Wajukuu wangu wanywe bila aibu."

Papa akifika huko kwako atakusimulia volkano tu, si maziwa; usimucheke sana. Ubaki salama, yaya.

Mudogo wako, Espoir