Airisi Kwenye Friji la Wifi

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mbegu za maua ya airisi zimefika na basi la Dar! Kumi. Duara, zina maganda — utasema vitunguu vidogo vya sokoni. Kwao ni milimani, kwenye theluji. Bila wiki kumi za baridi hazitoi ua. Hapa Kibiti baridi hiyo utaipata wapi? Kwa wifi Mwajabu, mke wa kaka yangu Amri; anauza barafu. Saba nimezilaza kwenye friji lake. Tatu nimezificha kwenye friji la Sadallah, muuza soda. Wifi namjua, haaminiki.
Miaka miwili zimeniozea. Safari hii nataka nilione ua lile la buluu kwa macho yangu.

Jumamosi, 5 Julai
Wifi kazipika! Zote saba, kwenye mchuzi wa kamba. Chungu — wakatema, wakawamwagia bata. Kaniambia mbele za watu: nani anatia maua kwenye friji kama si mwendawazimu? Wakacheka. Hata Amri kacheka! Samahani sikuisikia.
Sawa. Mwosha huoshwa.

Alhamisi, 17 Julai
Jumapili ya wiki ijayo wanakuja watu wa Maparoni kumposa Tasnim, binti wa Amri na wifi. Wifi anatangaza mtaa mzima: kachumbari yake haina mfano. Kachumbari! Nimecheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Ijumaa, 25 Julai
Nimezichukua tatu za Sadallah. Moja imeshatoa ncha ya kijani. Nimelia, wallahi. Kisha nikaikata ile ncha kwa wembe, nikazichanganya zote na vitunguu kwenye kapu la wifi. Haziui. Zitawasha ulimi, zitavuruga tumbo. Nataka aaibike mbele ya wakwe.

Jumapili, 27 Julai
Naandika chumbani kwa wifi, najidai natafuta mtandio. Wageni wameshakaa. Jamani — nimesahau kuwa mimi ndiye shangazi! Kwetu siku ya posa shangazi wa binti huonja kwanza. Asipoonja, posa ameikataa. Hasira imenipofua.
Wifi kanipakulia sahani yangu peke yake. Pilau, kachumbari juu. Kaniinamia sikioni, mpole kabisa: "Vitunguu vyako nimekuchagulia kwa mkono wangu, wifi. Vichungu sasa navijua."
Tasnim anagonga mlango. "Shangazi, wanakungoja wewe tu, sahani hii nimekushikia —"