Bushi za Shemeji

Mpendwa mshauri, salamu kwako na kwa wote wa nyumbani, natumaini u mzima wa afya, sisi kwa rehema za Mungu tunaendelea, ila moyo wangu hautulii na naomba msaada wako.

Nina gari la marehemu baba, kuukuu kuliko ndoa yangu, watoto wanaliita Bi Mkubwa, na kila siku ya ibada huwabeba humo wazee wanne wasioweza kutembea. Mwaka jana lilianza kuyumba, nikaenda kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye duka la spea, nikanunua bushi, yaani vile vipira vya kwenye maungio ya magurudumu, akaniambia hazikutoka kwa waliolitengeneza gari lakini ni imara, nikazifunga mwenyewe uani, miezi miwili haikuisha zikachanika. Nilikasirika, mshauri, nikawaambia wale wazee ndani ya gari kwamba shemeji anauza takataka, maneno yakatembea, wateja wakamkimbia, na mke wangu kwa aibu haendi tena kwa kaka yake. Nikanunua nyingine duka la mbali, za bei ya juu, nazo zikachanika vilevile. Ndipo fundi mmoja mstaafu akachungulia chini akaniuliza, "Nati ulizikaza gari likiwa wapi?" Nikasema juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Akasema, "Basi umezinyonga mwenyewe, bwana. Ulipolishusha, kila mpira ukajisokota."

Sasa vijana wananiambia nifunge zile ngumu za plastiki, hazichaniki, jambo lizikwe kimya kimya, au nikanunue tu kwa shemeji bila kusema neno, ataelewa tumepatana. Nimeomba sana, lakini kila nikipiga magoti namwona yeye. Tafadhali nijibu mapema.

Baba wa Bi Mkubwa

JIBU

Baba wa Bi Mkubwa, mimi mzima, ahsante. Pole nakupa nusu, nusu nyingine ni ya shemeji yako. Jibu umeshalipata ukiwa umepiga magoti, unaniandikia ili nikupe jingine. Sina.

Hizo ngumu ziache. Zitadumu, lakini kila shimo litapanda mpaka kwenye viuno vya wazee wako. Gari la umri huo lilizaliwa na mpira, lipe mpira. Nenda na bushi ya zamani mkononi, ulinganishe upana na tundu. Bonyeza kwa kucha, mpira mzuri hurudi. Kagua kama umeshikana pande zote na chuma kilichomo ndani yake. Badilisha kushoto na kulia pamoja. Nati zizungushe kwa mkono tu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma litulie, ndipo ukaze.

Na nunua kwa shemeji, ila usitangulize pochi, tanguliza mdomo. Mwambie: "Kosa lilikuwa langu, nikakusingizia." Ukimaliza hapo, hujamaliza. Uliyasema ndani ya gari, kayafute ndani ya gari, wazee wote wakiwa wamekaa, kabla hujawasha injini. Waliyatembeza ya kwanza, watayatembeza na haya. Mkeo mketishe mbele, asikie.