Siku Baba Alipotia Bega kwenye Mvua

Ndani ya meli, Bahari ya Karibi
Jumatano, baada ya chai ya asubuhi

Dada yangu Maimuna,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza kuuma, na wanao wote wa salama. Sisi huku miili haina neno. Baba anakula, analala, na anakutaja kila anapoletewa chai isiyo na iliki. Mimi ndiye sijatulia. Tangu juzi naingia chumbani natoka, napanda juu nashuka, na kiti nilichokalia sasa ni cha tatu tangu nianze ukurasa huu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nikituma kwa simu yatasomwa na ukoo mzima kabla wewe hujavaa miwani. Kuna binti wa rafiki yangu anakuja Mombasa wiki ijayo. Yeye atakutia bahasha mkononi. Isome peke yako.

Uliniuliza jambo moja na sikukujibu: Baba anarudi, au Idi amemshinda? Sikukujibu kwa kuwa nilikuwa sijui. Tangu Baba afike kwa Idi miezi mitatu iliyopita, huyu ndugu yetu ameijaza fomu ya kumwombea ukaazi wa Marekani, na kila kitu kimekamilika ila sahihi ya mzee. Safari hii ya meli ameipanga yeye, siku saba za kuzunguka visiwani, yeye na mkewe Leila na binti yao Nuru. Mimi akaniita kutoka Washington, ninakofanya kazi, nije nimsaidie kumshawishi. Kuja nilikubali. Kushawishi sikukubali wala sikukataa. Hoja zake si za kupuuza: hospitali iko dakika kumi kutoka kwake, presha ya Baba inapimwa kila wiki, na wewe huko uko peke yako na goti lako. Fomu imo kwenye begi lake la mgongoni na kila tunakokwenda inakwenda nasi.

Meli yenyewe ni kubwa. Ingelala gati lote la Mbaraki na mkia ukabaki nje. Baba hajali mabwawa ya kuogelea wala muziki. Kila tukifika bandarini husimama juu, kwenye reli, akiwatazama wafunga kamba, na kuwatoa makosa. Watu thelathini na wawili aliowaongoza bandarini Kilindini hajawaacha bado. "Yule wa pili angekuwa genge langu," aliniambia siku ya kwanza, "angekwenda kuuza maji."

Jumatatu tulifika Sent Lusia, na mvua ilikuwa imeshatutangulia. Idi alitaka tuone chemchemi za matope ya moto, upande wa kusini wa kisiwa. Meli ina mabasi yake ya matembezi, lakini Baba alikataa kupanda basi la watu hamsini wanaohesabiwa kama kuku, basi Idi akakodi vani palepale bandarini. Hapo ndipo tulipokosea, na nakueleza ili uelewe yaliyofuata. Basi la meli likichelewa, meli hulisubiri. Ukichelewa kwa gari lako mwenyewe, meli inakwenda zake. Tulitakiwa tuwe ndani ifikapo saa kumi. Pasipoti ya Baba na yangu, za Kenya, zilikuwa zimewekwa kwenye ofisi ya meli, na dawa zake za presha zilikuwa chumbani.

Dereva alikuwa mama wa makamo, Bi Odile, mtulivu, aliyeendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukifuta kioo. Barabara inapanda na kushuka kona kwa kona. Nuru alitapika mara mbili. Tulipofika kwenye chemchemi, lango lilikuwa limefungwa kwa sababu ya maporomoko, na mlinzi akatwambia kwa upole turudi tulikotoka. Tulikula ndizi za kukaanga ndani ya gari, vioo vimefungwa, kila mtu akimlaumu mwenzake kimoyomoyo. Leila alimwambia Idi kwamba hata siku ya kupumzika yeye huwa na ajenda. Idi akajibu kwamba baba yake ana miaka sabini na sita na ajenda haisubiri jua. Baba aliyasikia yote hayo, akaendelea kumenya chungwa.

Wakati wa kurudi, saa nane na robo, tulikwama. Tulikuwa kwenye kijiji cha wavuvi, nyumba za mbao zimebanana chini ya kilima, na mto ulikuwa umevunja kingo na kukata barabara. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamebeba makopo na majani. Palikuwa kama Kibarani ya zamani, enzi za jaa la taka, ila bila uvundo. Magari kumi na mawili yalikuwa mbele yetu. Bi Odile alizima injini, akasema maji hupungua baada ya saa moja, au mbili. Idi akatazama saa yake. Nami nikatazama yangu. Kutoka hapo mpaka bandarini ni mwendo wa dakika hamsini barabara ikiwa kavu.

Baba alikuwa dirishani. Alikifuta kioo kwa kiwiko, akatazama, akasema bila kugeuka, "Kuna jeneza linapita. Nifungulieni mlango."

Nikatazama na mimi. Kwenye njia nyembamba inayopanda kilimani kuelekea kanisani, wanaume sita walikuwa wamebeba mabegani kitu kirefu kilichofunikwa kitambaa cha kijani. Watatu huku, watatu kule, wanakwenda polepole, mvua inawapiga, na nyuma yao watu wengine wanasogea kuwapokea waliochoka. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Kwa mtu aliyekulia kwetu hapakuwa na la kuuliza. Miaka ishirini na mitano nimekuwa mwandishi wa habari, sikuandika maiti bila kuuliza watu wawili, na siku hiyo sikuuliza hata mmoja.

Idi alisema, "Baba, hawa si Waislamu. Na tumechelewa."

"Watu wamebeba mtu wao kwenye mvua nawe umekaa," Baba akamwambia. "Shuka."

Akashuka yeye kwanza, kanzu ameikunja mpaka magotini, akavuka barabara bila mwavuli. Unajua mwendo wake anapoliona jeneza. Hakimbii, lakini humfikii. Alimgusa bega mtu wa mwisho upande wa kulia, kama tunavyofanya sisi, na yule mtu, kijana mrefu mwenye fulana iliyoloa, alimtazama mara moja tu akampisha. Hakumuuliza alikotoka.

Idi alimfuata ili amrudishe. Hilo ninaliandika kwa uhakika kwa sababu alilisema wazi: "Namrudisha sasa hivi." Nami nikamfuata Idi. Alipomfikia, njia ilikuwa imekuwa ya utelezi na mzigo ukayumba upande wa kushoto. Baba, akiwa chini ya mzigo, akamwita kwa sauti ile ya gatini: "Idi, kushoto. Bega la kulia, mpumbavu, si hilo." Idi alikuwa ameweka bega la kushoto, sikio likabanwa. Akabadilisha. Baba akamwambia asitazame miguu yake, atazame kisogo cha aliye mbele. Walipopanda kama hatua ishirini, Baba akamwamuru asogee mbele, nafasi moja kila mtu anapotoka, mpaka akafika kichwani. Nilikuwa pembeni yao. Idi alikuwa akitamka shahada kwa sauti, polepole, kila hatua. Sijamsikia akifanya hivyo tangu alipokuwa chuoni kwa Maalim.

Juu, kwenye ukumbi wa kanisa, walilitua. Mwanamke mmoja mnene akaja na taulo, akakivuta kile kitambaa cha kijani, kumbe turubai.

Ilikuwa friza, dada. Friza ndefu ya kuwekea samaki, ya dukani kwake, waliyoiokoa kabla maji hayajaingia. Ndani yake walikuwa wametia mabunda ya nguo za watoto na redio.

Kisha yule kijana mrefu, aliyekuwa amemsikia Idi njia nzima, akamuuliza ni wimbo gani ule, maana ulimsaidia kupanda. Idi akainama akakamua shati lake. Mwenye friza aliposikia kwa Bi Odile, aliyekuwa ametufuata na mwavuli, kwamba tulidhani ni mazishi, alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akainuka, akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili. Alimwambia kwamba mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita na njia hiyohiyo ndiyo waliyompitisha. Nilimtafsiria Baba. Baba akamwambia Mungu amrehemu, nikatafsiri na hilo.

Nilimuuliza Baba tukishuka kama hakuhisi kwamba ni bati.

"Nilijua hatua ya tatu," akasema. "Maiti haigongi."

"Sasa mbona hukutoka?"

"Wameshanipisha, nitokeje?"

Maji yalipungua saa tisa kasoro dakika tano. Bi Odile aliwasha gari, na sasa mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Leila alikuwa anamfuta Nuru kichwa. Mimi nilikuwa nikihesabu kona na kupanga tutakavyosema kwa ofisi ya uhamiaji, watu wawili bila pasipoti, mmoja na kanzu ya matope. Idi alikaa kiti cha nyuma na Baba, wote wawili wanatona maji. Nilidhani atalalamika. Akauliza kwa nini amesogezwa mpaka mbele.

Nakuandikia jibu la Baba neno kwa neno. Nililiandika nyuma ya tiketi palepale.

"Siku ya mama yako mimi nilikuwa mbele, upande wa kulia, kutoka mlangoni mpaka makaburini Kikowani. Haikuwa nafasi yangu. Ilikuwa yako. Mimi niliishika tu."

Idi alisema, "Ningetoka Marekani siku ile nisingeruhusiwa kurudi tena. Unajua, Baba."

"Najua. Sikuulizi. Nakwambia ilikuwa yako."

Gari likapita kona tatu au nne. Kisha Baba akaendelea, sauti ileile, kama mtu anayepanga kazi ya kesho.

"Hiyo fomu yako nimeisoma. Nikikaa huku, siku yangu ikifika wewe utakuwepo, lakini watu wa kunibeba hawapo. Nikirudi kwetu, watu wapo, wewe hupo. Mimi sina la kusaini hapo. Wewe ndiye wa kutengeneza."

Tulifika bandarini saa kumi kasoro dakika sita. Tulikimbia gatini, Leila amembeba Nuru mgongoni, Baba katikati yangu na Idi. Mlango ulikuwa wazi na bawabu alikuwa ameshaanza kukunja kamba ya foleni. Alitutazama miguu, akatupatia taulo. Nusu saa baadaye meli iling'oa nanga, na Baba alikuwa ameshabadilisha nguo, yuko juu kwenye reli, anawakosoa.

Jana tulikuwa baharini siku nzima. Idi hakuja kula mchana. Alasiri alinikuta hapa nje, akakaa, akainuka, akakaa tena. Akaniambia jambo ambalo sikulijua, na wewe hulijui. Uraia amepata tangu mwaka juzi. Angeweza kuja Mombasa wakati wowote. Hakuja kwa sababu alikuwa akituogopa, na zaidi alikuwa akikuogopa wewe. Anasema uliacha kupokea simu zake wiki ile ya matanga ya Mama na hakujua angeingia nyumba ile kwa uso gani. Nilimwambia kwamba hiyo ni kweli, hukupokea, na kwamba mimi nilikuunga mkono. Sikuona haja ya kulipunguza.

Leo, baada ya alfajiri, alikwenda kwa Baba na ile fomu. Nilikuwepo. Akamwuliza, "Tuondoke lini?"

Baba akasema kabla ya Ramadhani. Akaongeza kwamba asije na tiketi ya kugeuza wiki ileile, kwani huo utakuwa utalii.

Basi jibu lako ni hilo. Baba anarudi, na Idi anamleta mwenyewe, anakaa mpaka sikukuu ya kumaliza mfungo ishapita. Leila na Nuru watafuata shule zikifungwa. Mambo ya dawa na daktari tumekubaliana tutayagawana sisi watatu, kwa hiyo usianze kuyabeba peke yako kabla hatujafika. Mimi nimeomba likizo, sijajibiwa.

Nina ombi. Akifika mlangoni usimuulize kwa nini hakuja. Ameshaulizwa na mtu anayekuzidi ukali, bila hata swali. Mpe maji, akae kidogo, kisha mpeleke Kikowani kabla hajafungua mizigo. Ukiwa bado una la kumwambia, na najua unalo, mwambie mkiwa njiani kurudi.

Nisalimie wanao wote, na shangazi yetu wa Makadara, mwambie dawa yake ya kuchua nimeipata. Nisalimie mama jirani wa ghorofani. Halafu wasalimie wale waliombeba Mama, kwa majina yao, na uyaandike mahali kwa sababu Idi anayataka: fundi cherehani wa kona, muuza kahawa na mwanawe, yule karani Mkamba wa forodha aliyekuwa mpangaji wetu, na wale ndugu wawili wa duka la mbao. Waambie mtoto wa kiume wa marehemu anakuja kuwashika mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura