Katibu Aliyeiba Maombi ya Shangazi

Shoga, kaa chini kwanza. Mimi na shangazi ndiyo tunatoka kwenye usaili wa ile ruzuku ya mtaa.

Yule katibu wa kikundi cha shangazi, aliyeacha kazi ghafla mwezi uliopita, tumemkuta ukumbini na chama chake kipya. Anaomba ruzuku ile ile.

Kasimama kasoma maombi yetu. Neno kwa neno, shoga. Darasa la lugha ya alama kwa watoto viziwi, yale yale shangazi aliyoyaandika kwa miezi mitatu. Eti, "Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha." Mimi mwenyewe!

Nikataka kuinuka. Shangazi akanikandamiza goti. "Tulia. Huyu namtaka mzima mzima."

Zamu yetu ilipofika, shangazi hakuwatazama wanakamati. Alimgeukia yule katibu, akamwambia jambo kwa mikono, polepole, kama anavyowafundisha watoto.

Mwenyekiti akamuuliza, "Haya mwalimu, amesemaje?"

Jasho likamtoka. "Ananipongeza."

Ananipongeza, shoga. Nyuma yetu mama mmoja kiziwi, mzazi wa darasani, akaangua kicheko. Binti yake akasimama akatafsiri: "Amesema, 'Wewe ni mwizi. Kama nakusingizia, inua mkono.'"

Mwenyekiti akachukua kalamu, akalikata jina la katibu pale pale.

Majibu yetu ni Ijumaa. Nikamwambia shangazi tuombe Mungu tupate. Akashuka ngazi taratibu, wala hana haraka. "Tukipata, heri. Tukikosa, mimi leo nimeshakula nikashiba."