Mstari wa Njano

Mdogo wangu kipenzi,

Habari za huko ughaibuni na baridi yake? Huku maua yangu yanayorudi kila mwaka yamechanua mekundu na ya zambarau, na ile mimea minene ya kutambaa imefika mpaka kwenye ngazi. Haitaki kubembelezwa, ukiimwagilia sana, inaoza.

Picha yako tumeipata. Mama ameibusu mpaka imelowa, eti baridi imekukondesha. Mimi nilitazama ukuta nyuma yako. Chini yake umetambaa mmea wa majani manene yenye mstari wa njano. Mstari huo ulizuka wenyewe hapa kwangu, kwenye shina moja tu. Na mmea wenyewe hauoti kwa mbegu. Lazima ukate kipande ukichomeke. Nimemkatia mtu mmoja tu, yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mcheshi kupita kiasi.

Barua hii namwachia yeye. Nahisi itakufikia haraka kuliko kwa posta.

Mama hajainuka kitandani tangu juma lililopita, anakuulizia. Nimemwambia safari yako ni ndefu. Usihangaike na tiketi ya ndege. Vaa ndala, uje.

Dada yako,
ambaye macho yake bado yanaona