Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Mbuzi

Guildford, Sydney
Jumatatu, 14 Julai. Asubuhi ukungu mzito, na nyasi za uani zimekuwa nyeupe kwa baridi kama zimemwagiwa unga.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kiuno kinaendeleaje? Neema ananiambia umeanza tena kupanda mpaka shamba la juu, na ukikatazwa unajifanya husikii. Mimi mzima. Kazi ya kuhudumia wazee naendelea nayo. Jana nilikuwa na mapumziko, na ndiyo maana leo nina habari.

Habari yenyewe inamhusu mdogo wako. Najua umeshakunja uso. Naandika kwa kalamu kwa sababu unasema ujumbe wa simu ni maneno ya watu wenye haraka. Nikimaliza nitaipiga picha barua hii nimtumie Neema akusomee. Neema, akisema inatosha, wewe endelea.

Mama, tangu msiba wa Bibi hujazungumza na Mjomba Elieza. Naelewa. Hakuja kuzika kwa kuwa karatasi zake za kusafiria zilikuwa bado. Akatuma muziki alioupiga mwenyewe kwa piano, na ulipowekwa kwenye spika pale uani, mchungaji akadhani vijana wamefungulia redio ya baa. Ukazimwa. Ukasema mdogo wako amesahau kwao. Mimi naishi naye nyumba moja, na kwa kweli nilikuwa nakubaliana nawe nusu. Chai anakunywa bila sukari. Ugali anaula kwa uma.

Huku watu wanamjua kwa bluzi, ule muziki wa huzuni walioanzisha Wamarekani Weusi. Siku za kazi yuko kwenye ghala huko Minto anapanga maboksi, lakini ukimuuliza kazi yake atakujibu, "Mpiga piano." Kila Jumapili alasiri anapiga katika baa moja karibu na stesheni. Sasa wateja wamepungua, na mwenye baa, mama mmoja anaitwa Denise, akamwambia wazi kwamba jana ndiyo ingekuwa siku ya kumpima. Viti vikibaki vitupu, piano inatolewa, pale inawekwa televisheni ya mbio za farasi.

Alirudi na habari hiyo akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Upendo, mama," akasema, "unaweza kuniletea watu kama kumi wakae tu?"

"Wakae tu?"

"Wakae. Wanyamaze. Mwisho wapige makofi."

Nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya: nikaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa Uvira, mwimbaji wa kwaya. Habari ya kukaa niliifikisha. Habari ya kunyamaza nayo niliifikisha, lakini Mama Furaha aliichukua kama ushauri.

Jana walikuja wengi, akina mama wa kwaya yake wote sare ya kitenge, na sufuria ya sombe, kisamvu cha Kikongo, imefungwa kwa taulo isipoe. Denise aliitazama sufuria, akatutazama sisi, akatazama viti vilivyojaa, akarudi nyuma ya kaunta.

Mjomba akaanza na wimbo wa mwanamume aliyeachwa na mkewe. Mimi nikawa natafsiri chinichini.

"Ule bibi alienda wapi?" Mama Furaha akauliza, maana kwao bibi ni mke.

"Hajasema."

"Na watoto, alibakishia nani?"

"Mama Furaha, tunyamaze."

Katika bluzi, Mama, mtu husema mstari mmoja, kisha anaurudia. Mjomba aliporudia, Mama Furaha akanishika mkono. "Umesikia? Amesema mara mbili! Mutu akisema mara mbili, inamuuma kweli." Halafu kwa sauti ya kwaya, kumtia moyo: "Pole, papa! Kuraji!"

"Pole!" wakaitikia wote.

Tangu hapo kila mstari ulipata pole yake. Wazungu waligeuza shingo. Mjomba alinitazama kwa lile jicho lako, Mama, la kunitoa kanisani nikicheka.

Wimbo wa pili ulikuwa mchangamfu, na hapo ndipo Mama Furaha alipoinuka kwenda kumtunza. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Huku, mtu akipiga piano, hakuna anayemsogelea hata kwa hatua moja. Akaenda akicheza, akina mama nyuma yake kwa mstari, akafungua kitenge cha begani akamvisha Mjomba. Kikateleza kikamfunika kichwa chote. Denise akatoka nyuma ya kaunta. Nikajisemea, basi, piano imekwenda.

Lakini Mjomba hakuacha kupiga. Haoni kitu, vidole vinakimbia tu. Pale kona hukaa mzee mmoja, kila Jumapili ana bia yake moja na hasemi na mtu. Akainuka polepole, akaitoa skafu yake shingoni, akaenda kumvisha Mjomba. Nafikiri aliamini ndivyo inavyofanywa. Akafuata mwingine na kofia. Mwingine akavua sweta. Mpaka wimbo unaisha, mdogo wako alikuwa kama meza ya mitumba siku ya gulio.

"Sasa, papa," Mama Furaha akasema, "hii ya bibi aliyeenda imetosha. Piga ya kwenu!"

Chini ya zile nguo Mjomba akajibu kwa Kiswahili, taratibu, "Ya kwetu walishaizima."

Mimi peke yangu ndiye niliyeelewa. Nikamwambia, "Piga, Mjomba."

Mkono wa kushoto ukaanza. Mama, nilijua kabla hajafungua mdomo. Ulikuwa wimbo wa mbuzi, ule wa Bibi wa kuchambulia maharage, na ule mkono wa kushoto ndio mkono wa Bibi kwenye ungo: anapepeta, anatulia, anatupa bovu. Akaimba kwa Kisambaa chetu, kisha akawaeleza Wazungu kwa Kiingereza kwamba ametoka Soni, milimani, na kwamba mama yake alikuwa na shamba la maharage. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akiitaja Soni mbele ya watu. Kila ubeti aliutafsiri. Ubeti wa kwanza, mbuzi anaingia shambani. Ubeti wa pili, Bibi anamfukuza kwa mwiko na majirani wanatoka kutazama. Kisha akanyamaza.

Tukangoja.

"Mbuzi ikawaje?" Mama Furaha akauliza.

Mjomba akafunua kitenge usoni. "Nimesahau."

Baa yote ikaanza kubishana. Mzee wa kona, ambaye hasemi na mtu, alisema mbuzi aliliwa. Mjomba naye anadhani aliliwa. Mimi nakumbuka alisamehewa kwa sababu alikuwa na mimba. Denise akapiga meza kwa kiganja. "Elieza, Jumapili ijayo uje umalize habari ya huyo mbuzi. Televisheni itasubiri. Na hawa akina mama waje." Akafikiri kidogo. "Pamoja na sufuria."

Kwa hiyo amepewa Jumapili moja.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza kama muziki aliotuma msibani ulikuwa ndio huo. Akasema, "Ndio huo. Mlizima kabla sijaanza kuimba." Hakusema kwa hasira. Akaongeza, "Dada anaujua wote." Kisha akaosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Mama, wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye uliyeshika ungo na Bibi. Hakuna mwingine aliyebaki anayeujua ubeti wa tatu. Mjomba hakunituma, hathubutu. Nakuomba mimi. Neema ashike simu, wewe imba. Si lazima umsalimie. Ila kama ukimaliza kuimba utaona kuna neno limebaki mdomoni, Neema asiwahi kuzima.

Nisalimie shangazi wa duka la mafuta ya taa na baba mdogo aliyeninunulia shajara yangu ya kwanza. Mchungaji mwambie simlaumu. Hata mimi ningedhani ni redio.

Mwanao anayekukumbuka kila nikikunja blanketi ulilonifumia,
Upendo

Nyongeza, Jumanne alfajiri. Jana sikuituma kwa sababu zamu iliisha jioni sana. Usiku, kwenye piano yake kuukuu ya sebuleni, Mjomba alipiga ubeti wa kwanza, wa pili, akakwama, akaanza upya, tena na tena. Jirani wa upande wa pili akagonga ukuta. Mjomba akafunga piano. Baada ya kitambo nikamsikia jirani mwenyewe anapiga mluzi wa ule wimbo, na yeye akakwama palepale. Imba, Mama. Nimelala saa saba na nusu usiku.